Siku za bahari zisizo na saa, na siku za Firenze zenye saa

Mara ya kwanza nilipokwenda Italia niliipanga safari kwa bidii nyingi na akili kidogo. Nilishuka La Spezia asubuhi, nikavipitia vijiji vinne kati ya vitano vya Cinque Terre kwa siku moja kama karani anayehesabu mifugo, kesho yake nikaingia Firenze, na kesho yake hiyo ilikuwa Jumatatu. Siku ya Jumatatu majumba ya sanaa ya Uffizi na Accademia hufungwa. Nilisimama katika uwanja wa Signoria nikimtazama David wa nakala ya ile sanamu ya Michelangelo, aliyewekwa pale mwaka 1910, huku David mwenyewe akiwa amefungiwa umbali wa robo saa kwa miguu, nami nikiwa na tiketi ya treni ya kuondoka alfajiri iliyofuata. Sikuwa na wa kumlaumu, maana siku ya kufungwa imeandikwa kila mahali.

Sasa ninapanga kurudi, safari hii pamoja na dada yangu mkubwa, ambaye amestaafu ualimu na ambaye magoti yake hayapatani na ngazi. Tutalala huko siku tano tu, katikati ya Septemba, na tangu mwanzo tulikubaliana kugawanya: vijiji vya pwani kwanza, mji wa sanaa baadaye. Nilipomwonyesha karatasi ya kwanza ya mpango aliisoma yote, akaiweka mezani, akasema, "Mdogo wangu, mshika mbili moja humponyoka." Nilimjibu kwamba kutoka La Spezia hadi Firenze ni safari ya treni ya saa mbili, au mbili na nusu ukibadilisha treni Pisa, kwa hiyo umbali si tatizo. Tatizo langu la mara ya kwanza lilikuwa kuvipanga vijiji na mji kwa namna moja, ilhali vijiji hutawaliwa na hali ya hewa, ambayo haikubali miadi, na mji hutawaliwa na tiketi zenye saa, ambazo hazikubali kuchelewa. Ukikiwekea kijiji ratiba ya saa kwa saa, mvua itakucheka; ukiingia Firenze bila ratiba, utakaa kwenye foleni siku nzima.

Kilichotuchukulia muda mrefu zaidi ni mpangilio wa siku zenyewe, na ufunguo wake ulikuwa ile Jumatatu iliyoniumiza. Bahari haina habari na Jumatatu, kwa hiyo tuliona kwamba Jumatatu lazima itukute kijijini. Kwa upande mwingine, Jumamosi na Jumapili vijiji hujaa Waitaliano wenyewe wanaokuja kupumzika kutoka Genova, Milano na kwingineko, wakiongezeka juu ya abiria wa meli kubwa za kitalii zinazotia nanga La Spezia. Tulipoyaweka mambo hayo mawili pamoja, wiki ikajipanga yenyewe. Tutatua Milano Jumapili asubuhi, tutapanda treni ya moja kwa moja kutoka kituo cha Milano Centrale, ambayo huchukua saa tatu hivi hadi Monterosso, na tutafika jioni wakati wageni wa siku moja wanarudi walikotoka. Jumatatu nzima itakuwa ya bahari, pamoja na Jumanne hadi mchana. Jumanne alasiri tutapanda treni kwenda Firenze, tutalala huko siku tatu, na Ijumaa mchana treni ya kasi itatufikisha Roma kwa muda wa saa moja na nusu, tayari kwa ndege ya usiku. Kuingilia Milano na kutokea Roma kuliongeza nauli ya ndege kidogo, lakini kulituondolea kurudi nyuma tulikopita, na katika safari ya siku tano kurudi nyuma ni nusu siku iliyotupwa.

Kuhusu viza nitasema kidogo, kwa kuwa wasomaji wengi wa ukurasa huu, kama sisi, hawaingii Ulaya kwa pasipoti pekee. Viza ya Schengen ya muda mfupi hugharimu euro 90 kwa mtu mzima tangu Juni 2024, bima ya safari inayotakiwa ni ya kiasi kisichopungua euro 30,000, na maombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari hadi siku 15 kabla yake. Anayesubiri hizo siku 15 za mwisho anacheza kamari. Sisi tumeweka nafasi za kulala zinazoweza kufutwa bila gharama, na tiketi za majumba ya sanaa tutazinunua pasipoti zitakaporudi mikononi mwetu.

Swali la pili lilikuwa tulale kijiji gani. Ukitoka upande wa Milano na Genova vijiji hufuatana hivi: Monterosso al Mare, Vernazza, Corniglia, Manarola na Riomaggiore. Vyote viko ndani ya hifadhi ya taifa iliyoanzishwa mwaka 1999, na UNESCO iliviingiza katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 1997 pamoja na Portovenere na visiwa vyake vidogo. Picha nyingi unazoziona, zile za nyumba za rangi ya waridi na manjano zilizobanana juu ya jabali, ni za Manarola au Vernazza, na kama ningekuwa peke yangu ningelala Vernazza bila kufikiri. Lakini nyumba za wageni za huko nyingi hufikiwa kwa ngazi nyembamba zinazopanda na kujikunja kati ya kuta, na mtu mwenye sanduku na magoti mabovu hazifurahii. Corniglia ndiyo ngumu kuliko vyote. Imekaa juu ya mwamba, mita 100 hivi kutoka usawa wa bahari, boti za abiria hazisimami hapo, na kutoka kituo cha treni unapanda ngazi zaidi ya 370 au unasubiri basi dogo. Monterosso ni kijiji cha tambarare kuliko vingine, kituo chake kiko mbele ya ufuko wa Fegina, ambao ndio ufuko wa kweli wa mchanga katika vijiji vyote vitano, na sehemu ya zamani hufikiwa kwa mwendo mfupi wa miguu kupitia handaki. Wenye kudharau husema Monterosso haina haiba ya vile vingine. Huenda ni kweli, ila haiba ya Vernazza iko umbali wa dakika chache kwa treni, na mtu anaweza kuifuata na kurudi kulala kwenye tambarare.

Wapo wanaoshauri kulala La Spezia au Levanto kwa sababu ya bei, na ushauri huo si mbaya kwa mwenye siku nyingi. Kwa mwenye siku mbili sioni faida yake. Uzuri wa vijiji hivi uko kabla ya saa tatu asubuhi na baada ya jua kuzama, saa ambazo aliyelala kwingine yuko ndani ya treni. Mara ya kwanza nilifika Vernazza saa sita mchana na sikuuona uwanja wake wa bandarini kwa sababu ya vichwa vya watu.

Kabla ya reli ya Genova hadi La Spezia kukamilika mwaka 1874, watu wa huku walitembeleana kwa mashua na kwa njia za nyumbu, na njia hizo ndizo wageni wanazotembea leo. Ile ya pwani huitwa Sentiero Azzurro, na kwa sehemu zake zinazolipiwa hununuliwa kadi ya hifadhi, ama ya njia za miguu peke yake, ama pamoja na treni za kati ya Levanto na La Spezia. Bei hubadilika kwa msimu na kwa siku. Uamuzi wetu ni kutoinunua mapema. Tutaamka Jumatatu, tutatazama mbingu, ndipo tutakapoamua, kwa kuwa njia hufungwa mvua kubwa ikitabiriwa na boti hazitoki bahari ikichafuka. Sehemu ya Monterosso hadi Vernazza ni kilomita tatu na nusu hivi, na huchukua karibu saa mbili kwa sababu ya ngazi za mawe zinazopanda mashambani. Hiyo nitaitembea mimi alfajiri, na dada atanikuta Vernazza kwa treni, akiwa ameshakunywa kahawa yake na kuninunia kidogo.

Njia yake yeye itakuwa Via dell'Amore, iliyochimbwa kando ya jabali kati ya Riomaggiore na Manarola, fupi na karibu tambarare yote. Ilifungwa Septemba 2012 mawe yalipoporomoka na kuwajeruhi watalii, ikakaa imefungwa kwa karibu miaka kumi na miwili hadi ilipofunguliwa tena mwaka 2024. Siku hizi huingiwa kwa tiketi ya nyongeza yenye saa maalumu, kwa hiyo ni kitu pekee cha pwani ambacho tumekiandika kwa saa, Jumatatu alasiri. Tukinyeshewa, basi. Nyongeza ndogo kuhusu viatu: mwaka 2019 hifadhi ilitangaza faini kwa wanaoingia njia za milimani na kandambili, na aliyewahi kuona mtu akishuka ngazi za mawe yenye unyevu kwa kandambili hawezi kuiita faini hiyo uonevu.

Ninataka tuyatazame vizuri matuta, ambayo mara ya kwanza niliyapita bila kuyaelewa. Miteremko yote ile, kuanzia karibu na maji hadi juu ya vilima, ilikatwa kuwa vipande vyembamba vya shamba vinavyoshikiliwa na kuta za mawe yaliyopangwa bila saruji, na humo ndimo hulimwa mizabibu inayotoa mvinyo mtamu uitwao Sciacchetrà, wa zabibu zinazokaushwa kwanza ndipo zikamuliwe. Septemba ni mwezi wa kuvuna. Ukuta wa mawe makavu huachia maji yapenye polepole, lakini unahitaji mtu wa kuutengeneza kila unapobomoka, na vijana wengi waliacha mashamba wakafuata kazi mjini. Tuta lililoachwa huporomoka, na linapoporomoka huenda pamoja na udongo wote wa juu yake. Tarehe 25 Oktoba 2011 mvua ya saa chache iliteremsha tope na mawe hadi ndani ya Vernazza na Monterosso, tope likafukia maduka ya barabara kuu ya Vernazza, na watu walikufa. Firenze nayo ina tarehe yake: tarehe 4 Novemba 1966 mto Arno ulifurika ukaingia makanisani na maktabani, na msalaba mkubwa uliochorwa na Cimabue, uliokuwa Santa Croce, ukapoteza sehemu kubwa ya rangi yake. Ndiyo maana tumechagua Septemba, ingawa marafiki walituambia kwamba mwishoni mwa Oktoba vyumba hushuka bei.

Treni ya Jumanne alasiri ningependa isichukuliwe kama muda uliopotea. Anayetoka La Spezia kuelekea Pisa akikaa upande wa kushoto, ataona milima ya Apuane yenye mapaji meupe kama yaliyoangukiwa na theluji, kumbe ni machimbo ya marumaru ya Carrara. Jiwe la David lilitoka katika milima hiyo. Lilikatwa miongo kadhaa kabla, mchongaji mmoja akalianza akaliacha, likalala uani mwa kanisa kuu la Firenze likipigwa na mvua hadi mwaka 1501, Michelangelo alipokabidhiwa akiwa na miaka 26. Alilimaliza mwaka 1504. Nimemwambia dada alitazame lile jeupe la mlimani kwa makini, kwa sababu kesho yake atasimama mbele ya kipande chake chenye urefu wa mita 5.17. Jambo moja la kukumbuka kabla ya kupanda: tiketi ya karatasi ya treni za mkoa lazima igongwe kwenye mashine ya kituoni, na kisingizio cha ugeni hakimlainishi mkaguzi. Migomo ya treni nayo si nadra nchini Italia. Hutangazwa mapema, na katika siku za kazi treni za mkoa huhakikishwa kati ya saa kumi na mbili na saa tatu asubuhi, na kati ya saa kumi na mbili na saa tatu usiku, hivyo tukikwama alasiri tutaondoka jioni. Gari la kukodi hatukulifikiria hata kidogo, kwa sababu vijijini haliingii, na katikati ya Firenze kamera hupiga picha namba ya kila gari lisilo na kibali.

Firenze ndiko karatasi yetu inakojaa saa na dakika, na hapo kanuni yangu ni moja: jambo kubwa moja asubuhi, jambo la wastani alasiri, na jioni pabaki wazi. Niliwahi kuona watu wakitoka Uffizi na kuingia foleni ya Accademia papo hapo, na nyuso zao zilikuwa za watu wanaolipa deni. Jumatano asubuhi na mapema nitapanda kuba la kanisa kuu, ngazi 463 bila lifti, kwa pasi ya euro 30 ambayo hutumika siku tatu na hudai uchague siku na saa ya kupanda. Filippo Brunelleschi alilijenga kati ya mwaka 1420 na 1436 juu ya uwazi wa mita 45 hivi bila kusimamisha kiunzi cha mbao kutoka chini, na anayepanda hupita katikati ya magamba mawili ya kuba na kuona matofali yaliyopangwa kama mifupa ya samaki ili yashikane yenyewe wakati chokaa bado mbichi. Muda huo huo dada atakuwa katika jumba la makumbusho la kanisa hilo, ambalo pasi ileile hulifungua, na ambalo watu wengi hulipita. Humo mna milango halisi ya shaba ya Lorenzo Ghiberti, iliyomchukua miaka 27 hadi mwaka 1452, na Maria Magdalena wa mti aliyechongwa na Donatello, mwembamba, mkongwe, mwenye nywele zilizomfunika kama nguo. Kusema kweli ninamwonea dada wivu kidogo. Alasiri tutakwenda pamoja Accademia kumaliza deni langu na David, tukipita kwanza kati ya sanamu za Michelangelo ziitwazo Wafungwa, ambazo bado nusu yake imo ndani ya jiwe.

Alhamisi ni ya Uffizi, saa mbili na robo asubuhi, mlango unapofunguliwa. Tiketi katika msimu wa wageni wengi ni euro 25, na kuweka saa huongeza euro 4, nazo ni fedha ambazo sitazionea uchungu hata kidogo. Jengo lenyewe lilianza kujengwa mwaka 1560 na Giorgio Vasari kwa ajili ya ofisi za serikali ya Cosimo I de' Medici, na jina lake halimaanishi zaidi ya hilo: ofisi. Kwamba kilichomo bado kimo ni kazi ya mwanamke mmoja, Anna Maria Luisa, wa mwisho katika ukoo wa Medici, ambaye mwaka 1737 aliwakabidhi watawala wapya hazina zote za ukoo kwa sharti kwamba zisiondolewe Firenze. Tumejiwekea saa tatu na kumbi chache. Dada anamtaka Botticelli, mimi namtaka Caravaggio, na yeyote atakayechoka atamsubiri mwenzake kwenye baraza la ghorofani lenye madirisha yanayotazama Arno. Alasiri tutavuka mto hadi kanisa la Carmine kuona kikanisa cha Brancacci, ambako Masaccio, aliyekufa kabla ya kufikisha miaka 30, alichora Adamu na Hawa wakifukuzwa, Hawa akiwa ameachama kwa kilio. Huko pia huingiwa kwa zamu na kwa muda mfupi, kwa hiyo saa imeandikwa.

Kwa Ijumaa asubuhi niliomba nichague mimi, nikachagua San Marco, ambayo hufungwa mapema mchana na hivyo huwashinda wanaochelewa kuamka. Ilikuwa nyumba ya watawa wa Kidominiko, na mmoja wao, Fra Angelico, pamoja na wasaidizi wake, alichora picha katika kila chumba cha kulala kwenye lipu mbichi. Zilikuwa picha za mtawa mmoja kuamka nazo na kulala nazo, si za kuonyeshwa wageni. Baada ya siku mbili za kumbi zenye mamia ya picha, ninafikiri jicho litashukuru kupewa chumba chenye dirisha dogo, ukuta mweupe na picha moja. Kwa mwenye siku moja tu Firenze, mimi ningeitoa Uffizi na kuibakiza San Marco, ingawa najua wengi hawatakubali, na dada ni wa kwanza wao.

Mengine ni madogo. Tumetenga euro za kodi ya wageni, inayolipwa kwa kila mtu kwa kila siku ya kulala, juu ya bei ya chumba. Tumekubaliana kubeba mizigo ambayo kila mmoja anaweza kuipandisha ngazi mwenyewe. Makanisani tutaingia tukiwa tumefunika mabega na magoti. Jumatatu jioni tutakula dagaa wa Monterosso waliotiwa chumvi na ndimu, na tambi zenye mchuzi wa majani ya mrehani uitwao pesto, vyakula vya pwani ile ile, kwa hiyo orodha ya migahawa tuliyoikusanya mtandaoni nimeichana.

Kilichobaki bila kuamuliwa ni Jumanne asubuhi. Mimi ninataka boti ya kwenda Portovenere, ambako kanisa la mawe limesimama kwenye ncha ya mwamba, kisha tushike treni La Spezia. Dada anasema atakaa Fegina na miguu yake ndani ya maji hadi saa ya treni, na nisimsumbue. Kwenye karatasi ya mpango kisanduku cha asubuhi hiyo nilikiacha tupu kwa makusudi. Jana nilikuta amechora humo mwavuli kwa penseli, na hadi sasa hajaniambia kama ni wa jua au wa mvua.